FUNDI WA NYUMBANI: KAZA NATI KWANZA, NAMBARI IJE BAADAYE

Juma lililopita tulizungumza juu ya kunoa randa na patasi. Leo yatupasa kuacha mbao kwa muda na kuingia katika chuma, kwa sababu imetufikia barua ambayo si haki kuiweka kando hadi juma jingine.

Barua hiyo imetoka kwa mama mmoja, mke wa sajenti, akaaye katika nyumba za askari. Jina lake hatulitaji, kwa kuwa mambo ya nyumba ya mtu ni siri yake. Anaeleza kwamba mumewe amebakiza miaka miwili kustaafu, naye alitoa sehemu kubwa ya akiba yao akanunua mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ile ambayo mafundi huiita kwa herufi tatu, CNC. Nia yake ilikuwa njema: akiisha kurudisha sare, apate kazi ya kuchonga vibao vya majina, nambari za nyumba, na vipuri vidogo vya shaba na aluminiamu. Kazi ya kwanza ikapatikana upesi, vibao 20 vya milango ya shule.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Duara lililopaswa kuwa na upana wa milimita 40 lilitoka kama yai. Herufi O ilikuwa na makovu pembeni. Vibao 6 vimekwisha kutupwa, na mwalimu mkuu anauliza habari za vilivyobaki. Sajenti hukesha mbele ya kompyuta akibadilisha nambari moja iitwayo fidia ya mchezo: leo 0.15, kesho 0.30, kesho kutwa 0.20, na kila asubuhi kibao kingine kimeharibika. Watoto wamekatazwa hata kupita karibu na chumba kile. Mama anauliza swali moja tu: je, mashine ile iuzwe sasa, kabla akiba iliyosalia haijafuata ile iliyokwenda?

Mama, nakuomba usiiuze kwanza. Nawe Afande, ukiisoma safu hii, nakuomba uiache nambari hiyo kwa muda wa jioni mbili. Inaelekea ugonjwa wa mashine yako hauko ndani ya kompyuta.

MCHEZO NI NINI

Kila aliyewahi kuendesha gari kuukuu anaujua mchezo, ingawa hajawahi kuuona katika mashine ya kuchonga. Unageuza usukani upande wa kulia, gari linatii. Unaurudisha kushoto, usukani unazunguka kidogo bure kabla ya magurudumu kuanza kufuata. Madereva husema usukani una plei. Kule kuzunguka bure ndiko mchezo wenyewe.

Katika mashine ya kuchonga, meza husukumwa na skrubu ndefu inayopita ndani ya nati. Mota huizungusha skrubu, nati husogea, na meza hufuata. Lakini kati ya meno ya skrubu na meno ya nati hapana budi pawe na nafasi ndogo, la sivyo vingekwama. Skrubu inapoisukuma meza kulia, jino hulala upande mmoja wa nafasi hiyo. Inapoamriwa kurudi kushoto, jino hulazimika kwanza kuivuka nafasi, ndipo liguse upande wa pili na kuanza kuisukuma meza. Katika muda huo mota imezunguka, kompyuta imehesabu mwendo, lakini meza imesimama palepale.

Sasa tazama duara. Ili kuchonga duara, mihimili miwili ya meza hufanya kazi pamoja, ule wa kushoto na kulia uitwao X, na ule wa mbele na nyuma uitwao Y. Kila mhimili hugeuka mara mbili katika duara moja. Mahali pa kugeuka ni pale palipo na tarakimu 12, 3, 6 na 9 kwenye uso wa saa. Penye 3 na 9 hugeuka mhimili wa X. Penye 12 na 6 hugeuka Y. Ikiwa mhimili una mchezo, hapo panatokea kipande kilichonyooka au kovu, na duara hupungua upana kwa upande huo. Basi tazama vibao vilivyoharibika kabla ya kuvitupa. Makovu yakiwa penye 3 na 9, mtuhumiwa ni X. Yakiwa penye 12 na 6, ni Y. Yakiwa mahali pote panne, wote wawili.

Fidia ya mchezo ni maagizo kwa kompyuta kwamba kila mhimili unapogeuka, mota iongezewe mwendo kidogo wa kuivuka ile nafasi upesi, kisha kazi iendelee. Ni dawa ya kweli, wala siidharau. Lakini ni dawa ya mwisho, na wengi wetu tunaianza.

KOSA LANGU MWENYEWE

Siandiki haya kwa kuwacheka wengine. Mimi nilisomea ualimu, nikafundisha hesabu kabla ya kuhamishiwa ofisini, na kosa langu lilikuwa kosa la mwalimu wa hesabu. Niliamini kwamba hitilafu ikiwa na nambari, basi nambari ndiyo itakayoiondoa.

Jirani yangu, dereva wa polisi aliyestaafu, alikuwa na mashine kama hiyo, nasi tuliitumia kwa ubia. Tulipopima mchezo wa mhimili wa X tukapata milimita 0.25. Nikaandika 0.25 katika kompyuta, nikachonga duara, likatoka zuri. Nilijipongeza mno. Baada ya siku mbili duara likaanza kuharibika tena. Nikapima, nikapata 0.40, nikaandika 0.40. Jirani yangu aliniuliza kwa upole, kitu gani hicho kinachokua kama mtoto? Sikumjibu. Siku ya Jumamosi tulifunga bamba la shaba la beji ya shule, kazi ambayo tulikuwa tumelipwa nusu ya fedha zake. Kikatio kilipogeuka kwenye kona, meza iliruka, kikatika, na bamba likapata mfereji katikati ya nembo. Tulilirudisha lile bamba tukalipa jingine kutoka mifukoni mwetu, na mteja yule hajarudi hadi leo.

Jirani yangu hakunilaumu. Alichukua spana, akafungua kifuniko cha mwisho wa skrubu, akaigusa nati inayoshika beringi. Ilizunguka kwa kidole. Mchezo ule ulikuwa unakua kwa sababu nati ilikuwa ikilegea kila siku, nami kila siku nilikuwa nikiuficha ulegevu huo kwa nambari mpya. Kama ningeitazama nati siku ya kwanza, ningaliokoa bamba, kikatio na mteja.

Askari wenzetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko mimi. Kwenye uwanja wa shabaha, hakuna mkufunzi atakayekuruhusu kurekebisha macho ya bunduki kabla ya kutazama kama risasi zako zinaangukia mahali pamoja. Zikitawanyika, tafuta kwanza kilicholegea, au jinsi unavyoishika. Zikikusanyika mahali pamoja lakini pembeni, hapo ndipo macho ya bunduki hurekebishwa. Mashine nayo ni vivyo hivyo.

JIONI YA KWANZA: KUPIMA

Utahitaji saa ya kupimia, yaani kile kifaa chenye uso kama wa saa na ncha inayoingia na kutoka, ambacho mshale wake huonyesha sehemu moja ya mia ya milimita. Kifunge juu ya tako la sumaku lililoshika mwili wa mashine, na ncha yake iguse kitu kigumu kilichofungwa mezani. Kalipa haifai kwa kazi hii, maana mkono wa mpimaji nao una mchezo wake. Toa kikatio kwenye mashine, na watoto wakae mbali.

Hatua ya kwanza: katika kompyuta, andika fidia kuwa 0, kisha uifunge programu na kuifungua upya ili nambari mpya isomwe. Wengi huisahau hatua hii. Ukipima huku fidia ya zamani ingali inafanya kazi, unachokiona si mchezo wote, bali salio lake tu. Ukiandika salio hilo mahali pa nambari ya kwanza, utakuwa umepunguza fidia ukidhani umeirekebisha, na kesho yake utapata jibu jingine kabisa. Nadhani hivi ndivyo Afande alivyotangatanga kati ya 0.15 na 0.30.

Hatua ya pili: iamuru meza kwenda kulia milimita 1, mara tatu. Hapo nafasi yote imekwisha kuvukwa. Weka mshale wa saa kwenye sifuri. Iamuru kwenda kulia milimita 1 nyingine. Saa ikionyesha 1.00, ni dalili njema kwamba hesabu ya hatua za mota ni sahihi, ingawa kwa uhakika utaipima pia kwa mwendo mrefu.

Hatua ya tatu: iamuru kurudi kushoto milimita 1. Tuseme meza imerudi 0.78 tu. Iamuru tena kushoto milimita 1, nayo sasa inakwenda 1.00 kamili. Umeona? Kilichopotea ni 0.22, nacho kilipotea mara moja tu, wakati wa kugeuka. Huo ndio mchezo.

Hatua ya nne: rudia kipimo hicho mara tano mahali pamoja, kisha mwisho wa kushoto wa meza, katikati, na mwisho wa kulia. Mama, hapa nakuomba uketi karibu na daftari uandike kila nambari inayotajwa, maana anayepima na kuandika peke yake mara nyingi huandika anachokitamani. Vipimo vya mahali pamoja vikitofautiana sana, leo 0.10 na mara 0.30, hakuna nambari yoyote duniani itakayoviponya. Kuna kitu kimelegea, au kinachokwama na kuachia.

JIONI YA PILI: KUTAFUTA NA KUKAZA

Mchezo wa 0.22 hautoki mahali pamoja. Ni jumla ya michezo midogo, na kila mmoja una makao yake.

Anza na beringi za mwisho wa skrubu. Acha mota iwe na umeme ili iishike skrubu isizunguke. Weka ncha ya saa kwenye mwisho wa skrubu yenyewe, kisha uisukume na kuivuta meza kwa mikono miwili kwa nguvu ya wastani. Skrubu haipaswi kusogea mbele wala nyuma. Ikisogea, tuseme 0.14, basi zaidi ya nusu ya ugonjwa wako uko hapo. Kaza nati ya beringi kidogo kidogo, kisha uifunge kwa nati ya pili ili isilegee tena. Izungushe skrubu kwa mkono: iwe laini, isiwe nzito.

Pili, tazama kiungo kinachounganisha mota na skrubu. Chora mstari mmoja kwa kalamu ya wino kutoka kwenye mhimili wa mota, kupita juu ya kiungo, hadi kwenye skrubu. Fanya kazi kidogo, kisha utazame. Mstari ukiwa umekatika, skrubu ndogo za kiungo zimeachia. Katika mashine za bei nafuu, kiungo chenyewe huwa kimechanjwa mfano wa springi, na kama skrubu haikushikwa barabara na beringi, kiungo hicho hunyooka na kufupika kila meza inapogeuka.

Tatu, nenda kwenye nati inayobeba meza. Mashine nyingi zina nati iliyopasuliwa, inayoweza kubanwa kwa skrubu ndogo, au nati mbili zinazosukumana kwa springi. Ibane kidogo, kisha uisafirishe meza kutoka mwisho hadi mwisho. Hapa pana mtego. Skrubu huisha zaidi katikati, ambako kazi nyingi hufanyika. Ukiibana nati ikiwa katikati hadi mchezo wote uishe, itakwama ikifika kwenye ncha ambazo hazijaisha. Heri kuacha mchezo mdogo katikati kuliko kuichosha mota mwishoni. Nati ikiwa imeisha kabisa, usiibane. Tafuta mpya, au umpelekee fundi. Katwe hapa Kampala wapo mafundi wa chuma wanaoweza kukereza nati ya shaba ukiwapelekea skrubu yenyewe wapimie.

Mwisho, kagua kile kipande kirefu cha chuma kinachoibana meza kwenye reli zake. Kikilegea, meza hutikisika upande kwa upande, na saa ya kupimia huuhesabu mtikisiko huo kama mchezo. Kikikazwa mno, mota hushindwa na kuruka hatua. Safisha reli, zipake mafuta, kaza hadi meza isitikisike, basi uishie hapo.

Mhimili wa juu na chini una tabia yake. Uzito wa kichwa cha mashine hulilaza jino upande mmoja wa nafasi, kwa hiyo mchezo huonekana mdogo au haupo kabisa. Lakini kibano cha reli zake kikikazwa mno, kichwa huning'inia kwa msuguano, kisha huanguka ghafla kikatio kinapogusa kazi. Ukikuta shimo limezidi kina bila sababu, tazama hapo kwanza.

NDIPO NAMBARI INAPOKUJA

Baada ya kukaza, pima upya kama jioni ya kwanza. Tuseme beringi zilizokuwa na 0.14 sasa zina 0.02, na nati iliyokuwa na 0.08 sasa ina 0.05. Mchezo wa 0.22 umekuwa 0.07 kabla hujaigusa kompyuta. Katika vipimo vyako vyote, kidogo kabisa ni 0.06 na kikubwa ni 0.08. Andika 0.06, yaani kile kidogo. Fidia ikipungua kidogo, hitilafu inayobaki ni sehemu mbili za mia za milimita. Ikizidi, kompyuta huisukuma meza kupita mahali pake kila inapogeuka, nayo huruka na kuacha kovu jipya ambalo mashine haikuwa nalo.

Ni vema tujue nambari hiyo inafanya nini. Mota ya kawaida huzunguka mara moja kwa hatua 200. Kifaa kinachoiendesha kikiigawa kila hatua mara 8, mzunguko mmoja huwa hatua 1600. Skrubu ikiwa inasogeza meza milimita 2 kwa mzunguko, basi milimita moja ni hatua 800. Fidia ya 0.22 ilikuwa ikiidai mota hatua 176 za ghafla kila ilipogeuka. Fidia ya 0.06 inaidai hatua 48 tu. Ndiyo sababu mashine iliyokazwa hugeuka kwa ukimya, na iliyofichiwa ulegevu hugeuka kwa kishindo.

Mama ameandika kwamba mumewe anatumia LinuxCNC, programu isiyolipiwa, iliyotokana na kazi ya taasisi ya serikali ya Marekani ya viwango na teknolojia. Katika matoleo ya sasa ya programu hiyo, fidia ya mhimili wa X huandikwa ndani ya faili la mipangilio, kwenye sehemu iitwayo JOINT_0, katika mstari wa BACKLASH. Lakini mstari huo una mwenzake. Kwa kuwa mwendo wa fidia huongezwa juu ya mwendo wa kazi, mota za hatua hudai akiba ya mchapuko. Nambari ya STEPGEN_MAXACCEL yapasa kuwa kati ya mara 1.5 na mara 2 ya MAX_ACCELERATION. Kama ya pili ni 200, ya kwanza iwe baina ya 300 na 400. Akiba hiyo isipokuwapo, mashine huweza kusimama katikati ya kazi, tena wakati wa kugeuka, ikilalamika kwamba mhimili hauifuati amri. Afande asidhani mota imekufa. Akiba ndiyo iliyopungua.

Na kama nyumbani kwako kuna mashine ndogo inayoendeshwa na programu ya GRBL ya kawaida, toleo la 1.1, usipoteze usiku kuitafuta fidia katika orodha ya mipangilio yake. Haimo. Kwako wewe, kukaza ndiyo dawa yote.

DALILI NYINGINE ZINAZODANGANYA

Si kila kipimo kibaya ni mchezo. Mchezo una alama mbili: hutokea wakati wa kugeuka, na ukubwa wake ni uleule, meza iwe imekwenda milimita 5 au 100.

Ukiamuru milimita 100 kuelekea upande mmoja ukapata 99.5, na ukiamuru 50 ukapata 99.5 hiyo ikigawanywa kwa mbili, hitilafu inakua pamoja na urefu. Hiyo ni hesabu ya hatua kwa milimita, wala fidia haihusiki.

Ukirudia kazi ileile mara kumi, na kila mara mahali pa kuanzia pamehama zaidi upande uleule, mchezo hauna hatia, kwa kuwa mchezo haujikusanyi. Ama kiungo kinateleza, ama mota inaruka hatua kwa kulazimishwa kwenda mbio au kwa kubanwa mno.

Ukiandika fidia ndogo na meza ikaruka kama mbuzi aliyeumwa na siafu, tazama vizio. Programu iliyopangwa kwa inchi ikipewa 0.08 hufidia milimita 2.03. Kosa hili ni la kalamu, lakini linaweza kuvunja kikatio.

Na ukiandika nambari pasitokee badiliko lolote, hakikisha kwamba umeiandika kwenye mhimili unaohusika, na kwamba programu ilifunguliwa upya.

FIDIA HAIISHIKI MEZA

Jambo hili ningependa likumbukwe hata kama mengine yatasahaulika. Fidia huisaidia kompyuta kujua meza iko wapi. Haiishiki meza. Nafasi ndani ya nati ingalipo, na kikatio chenye nguvu kinaweza kuivuta meza ndani ya nafasi hiyo wakati wowote, bila mota kuzunguka hata hatua moja.

Ndivyo inavyotokea tunapokata kwa kufuata, yaani meno ya kikatio yanapokwenda upande uleule ambao kazi inasukumwa. Kikatio huishika kazi na kuivutia kwake. Mashine kubwa za viwandani zenye skrubu za mipira zilizobanwa barabara huipenda njia hii, kwa sababu huacha uso laini. Lakini mashine yetu yenye mchezo hunyang'anywa meza, kikatio huuma zaidi ya kipimo, nacho huvunjika. Hivyo ndivyo bamba langu la shaba lilivyokufa. Kwa mashine ndogo yenye nati ya kawaida, pitisha kikatio kwa kupinga, yaani meno yake yaende kinyume cha kazi inavyosukumwa, ili jino la skrubu lilale upande mmoja daima. Mpito wa mwisho, wa kukwangua kidogo sana, waweza kuufanya kwa kufuata ukitaka ulaini. Na siku zote vaa miwani ya kukinga macho, mkono usikaribie kikatio kinachozunguka, na kitufe cha kusimamisha mashine kiwe mahali ambapo hata mama aliyeingia kuleta chai anaweza kukifikia.

JIBU KWA MAMA

Sasa Mama, narudi kwenye swali lako. Mpe mumeo jioni mbili na daftari moja. Jioni ya kwanza mpime, jioni ya pili mkaze. Siku ya tatu achonge duara la milimita 40 na mraba mmoja juu ya kipande cha mbao au plastiki, si juu ya kibao cha mteja. Duara lipimwe kwa kalipa kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Tofauti ikiwa chini ya sehemu ya kumi ya milimita, mtoto wa shule hataiona mlangoni mwa darasa lake, na vibao vyaweza kuendelea.

Ikiwa baada ya kukaza mchezo unabaki juu ya 0.20, na unacheza huku na huko kila mnapopima, hapo ndipo mkae na hesabu ya nyumba. Ulizeni bei ya nati mpya kwanza. Skrubu za mipira ni nzuri, lakini ni gharama, nazo si dawa ikiwa beringi za mwisho zimelegea. Msinunue kitu cha bei kubwa kabla ya kukaza kitu cha bei ndogo.

Kuhusu mwalimu mkuu, mwende mkamwone nyote wawili mkamwambie ukweli, kwamba vibao 6 viliharibika, na kwamba vilivyobaki vitachelewa kwa siku kadhaa. Mimi nilinyamaza hadi siku ya kukabidhi kazi, na ukimya wangu ulimkasirisha mteja kuliko lile bamba lenyewe.

Nawe Afande, usione haya kwamba mkeo ameandika. Aliandika kwa sababu akiba ile ni jasho lenu nyote wawili, na kwa sababu anakuona hulali. Ulipokuwa kuruta ulifundishwa kuikagua silaha yako kabla ya kuilaumu. Ikague mashine vivyo hivyo kila Jumamosi: nati za beringi, kiungo, nati ya meza, reli na mafuta. Kipimo cha kila juma kiandikwe katika daftari pamoja na tarehe yake. Siku utakapoona mchezo umepanda kutoka 0.07 hadi 0.12, utakuwa umeonywa mapema, nawe utachukua spana badala ya kuongeza nambari.

Tunaingoja barua ya pili kutoka nyumba hiyo. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutajibu swali la koplo mmoja juu ya taa za jua zinazozimika kabla ya saa nne usiku. Hadi wakati huo, kaeni salama, na kazi njema.